Nimempeleka shemeji wa Mombasa kutembea Jinja, akaniuliza: "Wenyewe wako wapi?"

Mwana wa Walukuba (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na picha nitaziweka jioni mtandao ukikaa sawa, kwa hiyo wale wa "uzi bila picha ni umbea" mnivumilie.

Mimi nimezaliwa Walukuba, Jinja, kwenye zile nyumba za wafanyakazi ambako Mjaluo, Msoga, Mteso na Mlugbara hawakuwa na pa kukutania ila kwenye Kiswahili. Sasa naishi Kampala. Mwezi uliopita shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu wa Mji wa Kale Mombasa, alikuja kututembelea. Siku ya pili tu akaanza: Kampala foleni, Kampala vumbi, Kampala vilima vinamuumiza magoti. "Nyie hamna mji wa kale mtu akatembea kwa miguu jioni?" Nikamwambia tunao, uko ufukweni, mkoloni aliuacha na mpaka leo umesimama. Akacheka sana. Ufukwe gani Uganda?

Tukapanda taksi, Wakenya mnaita matatu, kwenye paki ya zamani. Ni kilomita 80 hivi. Mukono, kisha miwa ya Lugazi, kisha unaingia msitu wa Mabira na baridi inakugusa mkono ulioutoa dirishani. Najjembe vijana wakatuvamia na kuku wa kijiti na gonja ya kuchoma. Shemeji akala gonja tatu huku akilalamika kwamba ndizi kama ile kwao ingepikwa kwa nazi, kuichoma ni kuionea. Tukavuka Nile kwenye daraja jipya la nyaya, lile lililofunguliwa 2018, mita 525, na hapo kwa mara ya kwanza tangu afike Uganda akanyamaza.

Sasa Main Street. Wasiofika Jinja wafikirie hivi: barabara pana, imenyooka kama uzi wa fundi mwashi, na kila upande maduka ya Wahindi ya zamani yameshikana mabega. Mbele ya kila duka kuna varanda yenye nguzo, na varanda moja inaingia kwenye nyingine, ukianza kutembea mwanzo wa mtaa unaweza kufika mbali bila kupigwa na jua. Juu kwenye paji la nyumba utakuta mapambo ya saruji, maua, majani, hapa na pale jina la ukoo na mwaka, mingi ni ya 1920 na kitu. Duka mbele, familia nyuma au ghorofani, na ua katikati. Shemeji akasema ni Mji wa Kale uliokunjuliwa. Kwao kichochoroni punda wawili wanabishana nani apite, hapa lori linageuza bila kupiga reverse.

Baba yake alikuwa seremala, kwa hiyo yeye hatazami nyumba, anatazama milango. Akaanza kuipapasa. Mlango wa mbao nne zinazokunjana, bawaba nzito, komeo la chuma refu kama mkono wangu. "Hakuna nakshi," akasema. "Huyu hakujenga ili asifiwe, alikuwa na haraka ya kufungua duka." Halafu akainua macho. Juu ya kizingiti palikuwa na kovu kwenye plasta, la mviringo, ukubwa wa sahani. Kitu kilichongwa hapo, kisha mtu akakibandua kwa patasi. Pembeni rangi ya njano ya kampuni ya simu ilikuwa imebambuka na chini yake zinaonekana herufi za Kigujarati, nusu neno.

Kwenye varanda hiyo alikuwa mama mmoja fundi cherehani. Shemeji, kwa adabu zake za kwao, akapiga hodi kwenye nyumba ambayo mlango uko wazi na watu wanapita. Mama akamkaribisha kwa Kiswahili safi (hii ndiyo Jinja wakuu, msiseme Uganda hatujui). Shemeji akamwuliza: "Wenyewe wako wapi?"

Mama akasimamisha cherehani. "Wenyewe wepi? Wa sasa, wa kabla yake, au wa kwanza?"

Nimekaa na jibu hilo wiki tatu, ndiyo maana nimeanzisha uzi. Watu wanasema Jinja "imehifadhiwa vizuri". Mimi nasema hakuna aliyeihifadhi. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Jinja ulikuwa mji wao kuliko mji mwingine wowote nchini, ukiondoa Kampala. Walipotoka, pesa ya kujenga ikatoka nao, na viwanda vikafuata kuzimika. Kampala ilikuja kubomoa na kujenga upya kwa sababu pesa ilirudi pale kwanza. Jinja ilibaki kama ilivyo kwa sababu hakuna aliyekuwa na hela hata ya kununua nyundo. Mtalii anapiga picha ya umaskini wa miaka 20 anauita urithi.

Jioni tukateremka kwenye chanzo cha Nile, pale inapotoka Ziwa Victoria. Mwenye mashua alinipa bei ya kawaida, lakini shemeji alipofungua mdomo na lafudhi yake ya Mvita bei ikapanda mara mbili hapohapo, tukagombana nusu saa kwa lugha tatu. Kwenye maji, kijana anayetembeza akatuonyesha alikosimama Speke 1862 na kuyapa maporomoko jina la Ripon, bwana mmoja wa Uingereza aliyekuwa mkubwa wa chama cha wanajiografia. Shemeji akauliza maporomoko yenyewe yako wapi. Chini ya maji. Bwawa la Owen Falls, siku hizi Nalubaale, lilipofunguliwa na Malkia Elizabeth 1954, yalizama. Jina la Jinja limetoka kwenye neno la mawe kwa lugha za hapa, na mawe ya yale maporomoko tunapita juu yake kwa mashua.

Haya, wadau. Nani ana la kuongeza?

Mtanga aliyepotea Ntinda

Mkuu uzi mtamu, nimeweka kambi. Ila neno moja nalikataa. Kichwa cha mwenzetu kimejaa "ufukwe", na huko Jinja nimeona vibao vya hoteli vinasema "pwani". Pwani ni mahali maji yanapokupwa. Asubuhi yanajaa, mchana yanakupwa, akina mama wanatoka na matenga kuokota chaza. Ziwa halijai wala halikupwi. Hapo mna mwalo tu, msitafute makuu.

Mwana wa Walukuba (mleta mada)

@Mtanga halikupwi? Mwaka 2006 ziwa lilishuka mpaka magati yakabaki yananing'inia hewani, wengine wakalaumu ukame, wengine wakalaumu mabwawa kufungulia maji kupita kiasi. Halafu 2020 likapanda likaingia vyumbani mwa watu Masese. Letu linakupwa miaka 14 ndipo lijae. Ninyi mna haraka.

Mtanga aliyepotea Ntinda

😂 Nimesalimu amri.

Mzee wa Reli

Vijana wangu, nimesoma. Nilikuwa karani stesheni ya Jinja, nimestaafu. Naomba nirekebishe picha kidogo, maana mnazungumza kama mji ulijengwa na Wahindi wakiwa wamelala wakaamka nao.

Mji ulijengwa na pamba. Wakoloni walihamishia makao ya Busoga hapa kutoka Iganga mwanzoni mwa karne iliyopita kwa sababu ya maji. Mwaka 1912 wakamaliza reli ya kutoka gati la Jinja kwenda Namasagali, ambako meli zilichukua mzigo kwenye ziwa Kyoga. Pamba ikitoka ndani huko inakuja hapa, inapakiwa meli mpaka Kisumu, kutoka Kisumu treni mpaka Kilindini. Mwambie shemeji yako, hilo gati lao lilikuwa mlango wetu wa mbele. Reli ilipovuka Nile kwenda Kampala mwaka 1931, mzigo mwingi ukaanza kupita Jinja bila kushuka. Wazee waliotutangulia walikuwa wakisema mji ulianza kuzeeka siku hiyo, ingawa umeme wa 1954 uliurudishia ujana: kitambaa, bia, shaba, kila kitu.

Sasa 1972. Nilikuwa na miaka 19. Watu wanafikiri kulikuwa na kelele. Hapakuwa na kelele. Nakumbuka foleni ya magari yamefungwa magodoro juu, na mbwa. Mbwa wengi sana waliachwa, walizunguka Nile Crescent wiki nyingi wakilala kwenye varanda za nyumba zao. Kisha kamati ikaanza kugawa maduka. Aliyepewa duka la vitambaa hakujua vitambaa. Aliyepewa duka la dawa aliuza dawa zote mpaka chupa ya mwisho, akauza na rafu, akafunga. Tuliwaita mafuta mingi. Baada ya hapo bidhaa zote zikahamia kwenye magendo, na sabuni ikawa ya kuomba kwa jirani kama chumvi.

Mimi pia nilichukua kitu. Kiti kimoja cha mbao, kilikuwa kimetupwa nje kwenye mvua. Ninakikalia ninapoandika.

Binti Bugembe

Shikamoo mzee wa reli. Asante.

Lakini jamani, mbona mnaupamba ukoloni? "Barabara imenyooka." Ilinyooka kwa sababu ilichorwa na mtu aliyetaka kutenganisha watu. Shukeni mkaangalie ramani: Mzungu kando ya maji kwenye upepo, na uwanja wa gofu. Mhindi katikati kwenye maduka. Mwafrika aliyebeba pamba yote hiyo hakuwa na mahali mjini mpaka walipomjengea Walukuba, tena baadaye sana na kwa sababu viwanda vilimtaka awe karibu. Mleta mada anajua.

Na mmeruka jambo kubwa. Kabla ya mji, ufuo huu ulikuwa na watu. Malale iliingia Busoga mwanzo wa miaka ya 1900, ikaua watu zaidi ya 200,000 kuzunguka ziwa upande wa Uganda. Gavana Hesketh Bell akaamuru waliobaki wahamishwe kutoka kandokando ya ziwa ili wawe mbali na mbung'o. Bibi wa bibi yangu alitolewa huko. Waliambiwa watarudi, na ukoo wetu haukurudi kamwe. Leo mtaa mzuri kuliko yote Jinja, wenye kivuli na nyumba za bustani, unaitwa Bell Avenue.

Kwa hiyo shemeji akiuliza wenyewe wako wapi, mama fundi alihesabu watatu. Mimi nahesabu wanne.

Mwana wa Walukuba (mleta mada)

@Binti Bugembe dada, hapo umenikata kauli. Nimepita Bell Avenue maisha yangu yote, nikijua ni kengele tu. Kweli. Tulipokuwa watoto tulidhani ni kwa ajili ya kengele ya kanisa.

Dereva wa Malaba

Siasa mmeimaliza? Mimi nataka kumpeleka mama watoto na watoto watatu. Tulale wapi, tule nini, watoto wacheze nini? Na viboko wanaingia mjini kweli?

Mwana wa Walukuba (mleta mada)

@Dereva jibu fupi: gesti ziko tele, nyingi ni zile nyumba za zamani za Wazungu zenye bustani, uliza bei kabla ya kushusha begi. Nenda Ijumaa kabla ya jioni, maana Jumamosi watu wa Kampala wanajaa kuja kupanda mitumbwi ya mpira kwenye Nile. Asubuhi kula rolex barabarani, chapati moto na mayai na nyanya na kabichi. Wasoga wanasema ni yao, watu wa Wandegeya kule Kampala wanasema ni yao, usiingilie. Mchana nenda Masese kwenye mwalo ukale sato wa kukaanga mzima, na usivae viatu vyeupe.

Viboko: uwanja wa gofu una sheria inayojulikana dunia nzima, mpira ukitua kwenye unyayo wa kiboko unaruhusiwa kuutoa bila adhabu. Ukisikia sheria ya namna hiyo jua haikutungwa kwa utani. Usiku usitembee kando ya maji na watoto. Na wale korongo wakubwa wenye mifuko shingoni wanaokaa juu ya miti wana sura ya mahakimu lakini hawana neno, ila usiegeshe gari chini yao.

Watoto wakubwa wapeleke kwenye sanamu ya Gandhi pale chanzoni. Sehemu ya majivu yake ilimwagwa kwenye Nile 1948, na sanamu ilizinduliwa na waziri mkuu wa India 1997. Shemeji alisimama mbele yake muda mrefu akasema: "Huyu naye alipita hapa akiwa vumbi, na ana mahali pake. Yule wa kwenye kizingiti hana."

Mwenye Paa Linalovuja

Nimesoma kimyakimya lakini sasa nasema. Mimi ni mmoja wa hao "wa sasa". Baba alinunua jengo kutoka kwa familia ya Kihindi iliyolirudishiwa miaka ya 1990, wakalipata, wakaliangalia siku mbili, wakaliuza. Walisema hawawezi kulala humo.

Mnasifu varanda. Mimi nalipa fundi kila masika. Bati la zamani lina kutu, boriti zimeliwa na mchwa, ukigusa plasta ya hayo maua inaanguka kipande cha kilo tatu juu ya kichwa cha mteja. Saruji ya sasa haishikani na kazi ya zamani, walitumia chokaa, na fundi wa chokaa Jinja nzima simjui. Wapangaji wanalipa kodi ya kibanda. Kiwanja hichohicho nikiweka ghorofa nne nasomesha watoto wote. Jinja imekuwa jiji tangu Julai 2020, na jiji linataka maghorofa. Halafu anakuja mtu wa Kampala na kamera ananiambia "tafadhali usibomoe". Atanichangia mabati?

Kuna sheria mpya ya makumbusho na kumbukumbu ya 2023, iliondoa ile ya 1967. Sawa. Sheria imenikataza, haijaniletea hata debe la rangi.

Mwana wa Walukuba (mleta mada)

@Mwenye Paa ndugu yangu, sina jibu, na sitajifanya ninalo. Nilichoandika ndicho hicho unachosema: mji ulibaki kwa sababu hapakuwa na hela. Sasa hela inakuja, tutaona kama tuliupenda.

Ila swali: kabla hujabomoa, utamruhusu shemeji aje achukue vipimo vya milango? Yuko serious. Amerudi Mombasa na picha 140, zote milango, mimi sipo hata kwenye moja.

Mwenye Paa Linalovuja

Aje. Na fundi wa chokaa aje naye, nasikia kwao wapo.

Mtoto wa Duka

Habari zenu wote. Mnisamehe Kiswahili changu, ni cha jikoni na cha dukani, nimekaa Leicester miaka zaidi ya hamsini. Mpwa wangu ndiye aliyenitumia uzi huu.

Nilitoka Jinja na miaka tisa. Sina ugomvi na mtu, na sitaki nyumba. Wakati ule baraza la mji wa Leicester lilitangaza kwenye gazeti la Uganda Argus kwamba tusije huko, mji umejaa. Baba alikata tangazo hilo akaliweka kwenye pasipoti, akasema angalau tunajua jina la mahali. Tukaenda.

Mzee wa Reli, mbwa wetu alikuwa wa kahawia, mkia umekatwa. Usinijibu.

Naomba kitu kimoja kwa Mwana wa Walukuba. Nimekuandikia inboksi mtaa na nyumba. Nyuma, uani, kuna varanda ndogo. Kwenye boriti yake kulikuwa na kulabu mbili za chuma, nene, umbali wa hatua moja na nusu. Bibi yangu alitundika bembea yake hapo. Kila Mgujarati ana bembea ndani. Alikaa kila jioni akichambua mchele, na sisi tukisukuma kwa miguu. Bembea ilikuwa ya mbao ya msaji, najua haipo. Nataka kujua kulabu tu.

Mwana wa Walukuba (mleta mada)

@Mtoto wa Duka shikamoo mzee wangu. Naenda Jumamosi.

Mwana wa Walukuba (mleta mada)

Jumamosi, saa kumi jioni. Naandika nikiwa kwenye varanda yenyewe, nimepewa kigoda na chai ya tangawizi.

Mzee, nyumba ipo. Mbele kumegawanywa maduka matatu: simu, nywele, na dawa za kuku. Ua umewekwa saruji na tangi la plastiki. Nilipiga hodi kama shemeji alivyonifundisha, nikangoja mpaka nikajibiwa. Anayekaa nyuma ni mama mmoja wa Namayingo, anauza mukene (dagaa wa ziwani) wa kukausha, ana miaka 11 hapa. Nilipomweleza nilichofuata alinitazama kwanza kama kichaa, kisha akaita watoto waje wasikilize.

Kulabu zote mbili zipo. Nimezishika. Zimepakwa rangi ya bluu pamoja na boriti, lakini ndani ya kila kulabu, pale kamba au mnyororo ulipokuwa ukisugua, chuma kimelika na bado kinang'aa. Nimepima kwa hatua: moja na nusu, hatua ya mtu mzima.

Moja ametundika mizani ya kupimia mukene. Nyingine ilikuwa haina kazi. Nimemwomba nipige picha nikutumie. Amesema nisubiri, akaingia ndani kubadilisha kitenge, na mtoto wake wa mwisho amekwenda kwa jirani kuazima kamba.